Mzizi, Shina na Mlinzi: Kueleza Seli za Kinga Zinazokuzwa Maabara kwa Kiswahili cha Mwambao wa Rumonge

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja la tiba ambalo limekuwa likitajwa mara kwa mara katika vyombo vya habari, nalo ni ukuzaji wa seli za kinga ya mwili kutokana na seli za kawaida zilizorudishwa kwanza katika hali ya seli shina. Huenda msomaji akajiuliza kijarida cha idara ya Kiswahili kinatafuta nini maabara. Jibu letu ni kwamba tiba humfikia mgonjwa kwanza kwa maneno, ndipo dawa ifuate. Mgonjwa asiyeelewa anachoambiwa hawezi kukubali wala kukataa kwa haki.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, ni mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi. Daktari aghalabu amesomea kazi yake kwa Kifaransa. Mgonjwa anazungumza Kirundi nyumbani. Sokoni, bandarini na mahali wanapoanikwa ndagala, watu wengi husikilizana kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayetoka mwambao huo anaweza siku moja kuombwa na jirani amweleze karatasi ya hospitali. Tumeona ni vyema tumwandae kwa kutumia mifano mitatu aliyo nayo karibu: sarufi anayoisoma darasani, mchikichi unaoota nyuma ya nyumba, na uvimbe wa taya unaowapata watoto wa nchi za joto za Afrika.

Walinzi wa mwili

Tuanze na walinzi wenyewe. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani vijumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya seli hizo kazi yake ni ulinzi. Ziko zinazomeza vijidudu. Ziko seli B, zinazotengeneza protini za kunasa adui. Ziko seli T, ambazo baadhi yake huongoza mapambano na nyingine huua seli iliyoingiliwa na virusi. Tena ziko seli zinazoitwa NK, ambazo tunaweza kuziita wauaji wa asili, kwa sababu hazihitaji kufundishwa kwanza kumjua adui mmoja mahususi.

Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni ngeni kwa watu wetu. Kwa miaka mingi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakisema kliniki, "CD4 zangu zimepanda" au "zimeshuka". CD4 wanazozihesabu ni aina ya seli T. Mwalimu anayetaka kueleza seli za kinga anaweza kuanzia hapo, mahali ambapo msikilizaji wake amekwisha kufika.

Hapa pana tahadhari ya kwanza ya istilahi. Neno "kingamwili" katika maandishi mengi limetengwa kwa ajili ya zile protini zinazotengenezwa na seli B. "Kinga ya mwili" ni mfumo mzima. "Seli za kinga" ni walinzi wenyewe. Tukiyachanganya maneno haya matatu, tutakuwa kama mtu anayeita jeshi, askari na risasi kwa jina moja.

Mzizi na shina

Wanabiolojia wameazima neno "shina" kutoka kwenye mti: seli shina ni seli ambayo matawi mbalimbali yanaweza kutokea kwake. Sisi wa sarufi tuna neno hilohilo, na tena tunalo kwa usahihi zaidi, kwani huwafundisha wanafunzi wetu kutofautisha mzizi na shina.

Tuchukue mzizi -som-. Kutokana na mzizi huo tunapata msomi, somo, usomaji, msomaji, someka, somea na somesha. Mzizi bado uko wazi. Haujaamua utakuwa nini. Sasa tuchukue shina lililokwisha kunyambuliwa, -somesh-. Kutokana nalo tunapata msomeshaji, usomeshaji na someshwa, lakini hatuwezi tena kupata somo wala msomi. Njia imepungua. Tukifika kwenye neno kamili, kama vile "msomeshaji", njia imefungwa: neno limeshika kazi yake katika sentensi.

Seli nazo ni hivyohivyo. Katika siku za mwanzo za mimba, seli ziko kama mzizi: zinaweza kuwa ngozi, moyo, damu au ubongo. Baadaye hupatikana seli shina za damu, zinazokaa katika uboho wa mifupa. Hizi ni kama -somesh-: zinaweza kutoa kila aina ya seli za damu, pamoja na walinzi tuliowataja, lakini haziwezi kutoa ini wala ubongo. Mwishoni iko seli kamili, kwa mfano seli ya ngozi, ambayo ni neno lililokwisha kuingia kwenye sentensi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba karibu kila seli ya mwili ina maandishi yaleyale ya jeni. Seli ya ngozi haijapoteza sura zinazohusu damu. Sura hizo zimefungwa tu. Swali lililowakera wataalamu kwa miaka mingi ni je, zinaweza kufunguliwa tena?

Safari ya kurudi nyuma

Jibu la kwanza lilitolewa na chura. Mwaka 1962, John Gurdon wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha kazi aliyoifanya kwa chura wa jamii ya Xenopus, ambaye asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia ndani ya yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Baadhi ya mayai hayo yalikua yakawa viluwiluwi, na hatimaye wakapatikana vyura wazima. Maana yake ni kwamba seli ya utumbo ilikuwa bado na maandishi yote ya kujenga chura.

Mwaka huohuo wa 1962 alizaliwa Shinya Yamanaka nchini Japani. Mwaka 2006, yeye na Kazutoshi Takahashi, wakiwa Chuo Kikuu cha Kyoto, walionyesha kwamba hata yai halihitajiki. Walianza na jeni 24 walizozishuku, wakazipunguza hadi zikabaki nne: Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Walipoziingiza jeni hizo nne katika seli za kawaida za panya, baadhi ya seli zilirudi kuwa kama mzizi. Mwaka 2007 walifanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka huohuo kundi la James Thomson huko Wisconsin, Marekani, nalo lilitangaza matokeo ya namna hiyo. Gurdon na Yamanaka walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2012.

Kazi hii tuiiteje kwa Kiswahili? Wako wanaosema "kupanga upya seli". Sisi tunaona "kurejesha ushina" linaeleza zaidi, kwa kuwa kiambishi u- cha nomino dhahania kimezoeleka, na kitenzi "kurejesha" kinaonyesha kwamba kitu hicho kiliwahi kuwapo.

Somo kutoka kwenye mchikichi

Rumonge ni kitovu cha mawese nchini Burundi, na kila anayepita barabara ya mwambaoni huiona michikichi. Mti huu una tabia inayotufaa hapa. Una ncha moja tu ya kukulia; ncha hiyo ikikatwa, mti hufa. Hautoi machipukizi kama mgomba, wala haupandwi kwa kipande kama muhogo. Mkulima akipata mchikichi mmoja wenye mafuta mengi, hana njia ya kuuzidisha ukabaki vilevile, maana mbegu zake huchanganya tabia za wazazi wawili.

Kuanzia miaka ya 1970, wataalamu walijaribu kuushinda ugumu huo maabara. Walichukua vipande vya mchikichi bora, wakazirudisha seli zake nyuma hadi zikawa bonge lisilo na umbo, kisha wakaziongoza ziwe miche. Miche ilistawi na kupandwa mashambani. Ilipofika wakati wa kuzaa, baadhi ya miti ilitoa matunda yenye kasoro ya umbo na mafuta haba. Chanzo chake hasa kilielezwa mwaka 2015 na watafiti wa Malaysia: herufi za jeni hazikuwa zimebadilika, bali alama ndogo za kikemia zinazofunga sehemu fulani ya maandishi hayo zilikuwa zimepotea katika safari ya kurudi nyuma.

Funzo lake kwa tiba ni kubwa. Seli iliyorejeshwa inaweza kuonekana nzima leo na kasoro yake ikajitokeza miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu seli zinazokusudiwa kwa wagonjwa hupimwa tena na tena kabla ya kutumiwa.

Kutoka mzizi hadi mlinzi

Seli iliyorejeshwa haitiwi mwilini jinsi ilivyo. Lazima kwanza inyambuliwe, hatua kwa hatua. Wataalamu huiweka katika majimaji yenye protini za ukuaji, wakazibadilisha kwa zamu, hadi ipite hatua ya seli shina za damu. Kutoka hapo njia hugawanyika. Wakitaka seli NK, huweka protini za aina moja. Wakitaka seli T, kazi ni ngumu zaidi, kwa maana mwilini seli T hufunzwa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Maabara haina thaimasi, kwa hiyo seli hupewa ishara ya protini inayofanana na ile ya tezi hiyo. Kazi nzima huchukua wiki nyingi.

Faida ya kupita njia hii ndefu ni nini? Kwanza, seli za mzizi huongezeka bila kuchoka, hivyo chanzo kimoja kinaweza kutoa walinzi wengi sana. Pili, mlinzi aliyechoka anaweza kupata ujana mpya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichukua seli T za mtu mwenye virusi vya UKIMWI, zilizokwisha kumjua adui huyo, wakazirejesha kuwa shina, kisha wakazikuza tena kuwa seli T. Zilizopatikana zilimkumbuka adui yuleyule, lakini zilikuwa na uwezo mpya wa kuongezeka. Hiyo ilikuwa kazi ya maabara, haikuwa tiba ya kumponya mgonjwa. Tatu, seli ikiwa bado mzizi inaweza kuongezewa jeni ya kuitambua saratani, na kila mlinzi atakayetoka humo atazaliwa nayo.

Mwaka 2019, huko San Diego, Marekani, wagonjwa wa saratani walianza kupewa seli NK zilizokuzwa kwa njia hii. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la hatua ya kwanza la seli NK za aina hiyo, zilizoongezewa uwezo wa kutambua saratani ya seli B. Baadhi ya wagonjwa waliona uvimbe wao ukipungua au kutoweka. Hata hivyo jaribio la hatua ya kwanza hupima usalama zaidi kuliko uponyaji, na msomaji asilichukue kama dawa iliyokwisha kukubaliwa.

Uvimbe wa taya na jeni yenye nyuso mbili

Sasa turudi Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alianza kuwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Mwaka 1961, akiwa na wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Aligundua kwamba unafuata mahali pa joto na mvua, na kwamba huwa nadra katika nyanda za juu. Mwambao wa Rumonge, ulio kwenye kimo kisichofika mita 800 kutoka usawa wa bahari, una joto na malaria ambavyo milima ya Bururi iliyo juu yake havinavyo kwa kiasi hicho.

Baadaye ilifahamika kwamba uvimbe huo ni saratani ya seli B, yaani mlinzi mwenyewe ndiye aliyeasi. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua ndani ya seli zake kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Kirusi hiki huwaingia watu wengi utotoni bila madhara makubwa. Malaria ya mara kwa mara inapoongezeka juu yake, hatari hukua.

Lakini kiini cha uasi kilipatikana mwaka 1982. Katika seli za uvimbe huo, kipande cha kromosomu moja kimehamia kwenye nyingine, na kwa kuhama huko jeni moja imewashwa bila kuzimika. Jeni hiyo ni c-Myc.

Msomaji atakumbuka kwamba jina hilo tumekwisha kulitaja. Ni mojawapo ya zile jeni nne za Kyoto. Nguvu inayoirudisha seli iwe shina na nguvu inayomtia mtoto uvimbe wa taya zimekutana katika jeni moja. Hili ndilo jambo tunalotaka lisisahaulike katika makala haya: uwezo wa kuzaliana bila kuchoka ni dawa ukifungwa kwa wakati wake, na ni ugonjwa ukiachwa wazi. Kundi la Yamanaka lenyewe lilionyesha baadaye kwamba ushina unaweza kurejeshwa bila c-Myc, ingawa seli chache zaidi hufanikiwa. Pia seli ya mzizi ikiachwa mwilini bila kunyambuliwa inaweza kuota uvimbe wenye mchanganyiko wa nywele, meno na mifupa. Hapa mfano wetu wa sarufi unafikia mwisho wake, kwa maana mzizi wa neno ukiachwa peke yake haumdhuru mtu.

Je, seli NK za maabara zitamtibu mtoto mwenye uvimbe wa taya huko mwambaoni? Leo jibu ni hapana. Anachokihitaji mtoto huyo ni kufikishwa hospitali mapema na kupewa dawa za saratani zilizozoeleka, kama saiklofosfamaidi. Burkitt mwenyewe, katika miaka ya 1960, aliwaona watoto wakipona kwa dawa chache. Anayeuza matumaini ya "seli shina" ili mzazi aache dawa hizo anamdhuru mtoto.

Nguo ya kupimwa na nguo ya dukani

Kwa nini basi tujishughulishe? Kwa sababu ya namna tiba inavyotengenezwa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya seli T za mgonjwa mwenyewe zilizoongezewa jeni. Bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Hiyo ni nguo ya kupimwa kwa fundi: kila mtu ashonewe yake. Seli zilizorejeshwa zinakusudiwa kuwa nguo ya dukani: zikuzwe nyingi, zigandishwe, zitolewe mgonjwa anapozihitaji.

Nguo ya dukani ina vipimo vyake. Seli zetu zina alama zinazoitwa HLA, ambazo kinga hutumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Japani ilichagua watu 7 wenye alama zinazopatikana sana huko, na seli zilizotokana nao zinawafaa takriban asilimia 40 ya Wajapani. Watu wa Afrika wana tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa mabara mengine, na waliojiandikisha kutoa seli ni wachache. Duka likijazwa bila vipimo vyetu, tutafika tukakosa saizi. Seli NK hazina masharti makali ya alama hizo kama seli T, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa na watafiti. Bado liko suala la baridi: seli hizi hutunzwa katika naitrojeni ya maji, chini ya nyuzi 150 kasoro sifuri, jambo linalohitaji vifaa na umeme wa kutegemewa.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Siku watafiti watakapofika mwambaoni kuomba damu au ngozi ili kuweka vipimo hivyo, wataleta karatasi ya kutiwa sahihi. Sahihi si ridhaa. Ridhaa hutoka kwa mtu aliyeelewa. Hivyo tunapendekeza walimu wazingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, neno "jeni" litamkwe na kuelezwa kwa uangalifu. Sikio lisilozoea linaweza kusikia "jini", na sentensi kama "tutaingiza jeni katika damu" ikaleta hofu isiyo ya lazima. Tuseme kwanza "maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli", ndipo tutaje jeni.

Pili, tusiogope visawe. Mtu wa Burundi akisema "kanseri", tusimkatize kwa kumsahihisha "saratani". Tupokee neno lake, kisha tumpe la pili.

Tatu, tusifiche hatari nyuma ya neno zuri. "Seli shina" linasikika kama baraka ya mti. Anayelieleza lazima aseme pia kwamba shina lisilodhibitiwa huota mahali pasipotakiwa.

Nne, darasani mwalimu anaweza kutoa zoezi hili: wanafunzi waeleze safari ya seli kutoka ngozi hadi mlinzi kwa kutumia mzizi wa kitenzi wanaouchagua wenyewe, kisha waonyeshe mahali mfano huo unapokwama. Sehemu ya pili ndiyo yenye alama nyingi zaidi, kwani anayejua mpaka wa mfano wake ndiye aliyeelewa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba elimu hii, ijapokuwa imekuzwa Kyoto na San Diego, inagusa mambo yaliyojulikana Kampala na yanayoonekana Rumonge. Msamiati wa kuieleza tunao kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni kuupanga na kuutumia kwa uaminifu. Tunawaomba walimu na wanafunzi wanaotoka mwambaoni watuletee maneno ambayo watu wao wanayatumia kwa seli, kinga na uvimbe, yawe ya Kiswahili au ya Kirundi, ili katika matoleo yajayo tuyajadili pamoja.